Barabara Fupi ya Maziwa

Siku ya kwanza kazini fomeni alinikabidhi lori lenye jembe, yaani lile bamba la chuma la kusukumia theluji, akanipa na barabara ya jimbo ambayo madereva wenzangu hawakuitaka. Ilikuwa miaka ya tisini, naishi Hopkins, pembeni ya jiji la Minneapolis. Shule niliachia kidato cha pili. Tuseme tuliachana kwa wema. Kazi yenyewe ya majaribio: ukiboronga, unarudi kupiga deki Minneapolis.

Barabara ilikuwa kusini ya Apple Valley, katikati ya mahindi. Fupi! Ukipiga chafya mwanzoni, wa mwishoni anakuombea afya. Ilijengwa ili maziwa ya wafugaji yafike kiwandani. Kiwanda kikafa, maziwa yakaanza kupelekwa mbali, barabara ikabaki na namba ndefu kuliko yenyewe.

Sasa, jembe likipita, theluji inamwagika pembeni na kuziba njia ya kila nyumba. Wenyeji wanachukua koleo, wanazibua. Mimi nikawaza: nimwagie bibi wa watu uchafu mlangoni, hata hodi sijapiga? Basi kila nilipofika kwenye nyumba nikainua jembe, nikavuka, nikashusha; nyuma yangu likabaki tuta la theluji katikati ya barabara.

Fomeni akaja kukagua na pikapu. Ikaruka, ikatua, ikaruka tena. Akashuka kashika kiuno.

"Hii barabara au ngazi?"

"Bosi, kwetu hatuzibi mlango wa mtu."

"Na lori la maziwa lipande juu ya adabu yako? Ijumaa utakuwa huna kazi!"

Bibi mmoja mfugaji akatoka zizini. "Mwache! Wewe miaka yote unanizibia, mgongo wangu umeisha. Na wewe kijana, barabara irudie, lori langu linakuja."

Fomeni akakuna kofia. "Haya, mama. Kwa trekta lako, safisha pembeni ya barabara kidogo, kabla ya mlango wako, upande anaotokea huyu kijana. Jembe litamwaga pale, mlangoni lifike tupu."

Nikairudia yote, jasho kwenye baridi ile. Lori la maziwa likapita bila kuruka. Bibi akawafundisha majirani ujanja huo.

Ijumaa nikaenda nimevaa koti zuri, la kufukuziwa kazi. Fomeni akanisukumia keki mezani.

"Wenzako wanapigiwa simu za matusi. Wewe unaletewa hizi. Barabara yako hiyo, nenda."

Nikaifanyia kazi mpaka jimbo lilipoiachia kaunti na namba ikang'olewa. Nikahamishiwa nyingine, kubwa, nikastaafia huko. Vijana mkiniuliza kazi inataka nini, cheti sina cha kuwaonyesha. Nasema tu: kabla hujakanyaga mafuta, angalia mzigo wako unamwagikia mlangoni pa nani.