Mwenye Nyumba Aliyekubali Bei ya Kwanza

Mwenye nyumba wangu wa Gumbo, mtaa wa Juba, hakuwahi kunipunguzia kodi bila vita. Mwaka wa kwanza, kuteremsha dola kumi tu kulinigharimu siku tatu, kilo mbili za sukari, na ahadi ya kumsagia mahindi yake bure hadi Krismasi. Ni mzee mcheshi, mstaafu, anayevaa kofia hata akiwa ndani ya nyumba. Kiswahili chake alikiokota alipokuwa mkimbizi Uganda, akakichanganya na Kiarabu cha hapa Juba, akaridhika nacho. Mimi nililelewa Kitale, nikarudi nyumbani ukubwani na mtaji wa mashine moja ya kusaga unga, niliyoifunga kwenye chumba nilichopanga kwake. Kilichotuunganisha ni kwamba sote wawili tulipenda kubishana.

Asubuhi moja alikuja mashineni, akangoja nimalize debe la mteja, kisha akasogea karibu.

"Mama, wewe nataka lipa kodi ya mwaka mzima mara moja?"

"Mwaka mzima? Kwa bei gani?"

"Wewe sema."

Nilikuwa nikimlipa dola mia na hamsini kwa mwezi, kila mwezi peke yake. Nikamtupia bei ya matusi, ile bei ambayo mtu huitaja ili mwenzake akasirike vizuri na mazungumzo yaanze.

"Mia moja kwa mwezi."

"Tamam," akasema. "Kesho mimi naleta karatasi."

Nikamtazama. Hakushika kichwa. Hakumtaja marehemu mama yake. Hakuondoka hatua tano kisha akarudi. Nikapiga hesabu kichwani: mia na hamsini mara kumi na mbili ni elfu moja mia nane, mia mara kumi na mbili ni elfu moja mia mbili. Ninaokoa mia sita. Nikapiga tena, ikawa mia sita vile vile. Ningepaswa kuruka kwa furaha, lakini sikuruka. Katika miaka yangu yote ya sokoni sijamwona mtu mwenye usingizi mzuri akikubali bei ya kwanza.

"Pesa hizo sina mkononi, mzee," nikamwambia, na ilikuwa kweli. Zilikuwa mahindi, na mahindi yalikuwa kwenye lori huko njia ya Nimule, mpakani na Uganda. "Nipe wiki mbili."

"Wiki mbili mbali sana. Siku tatu."

Hapo nikajua kuna mtu amempa tarehe ya kulipa deni.

Mbele ya geti letu, ng'ambo ya barabara, kuna mwanamke anayeuza chai chini ya mwavuli. Kiti chake kinaona barabara, geti, na madirisha yote ya mzee. Kikombe cha kwanza tulizungumza mvua. Cha pili nikamuuliza kama mzee hupata wageni siku hizi.

"Yule mama wa saruji wa soko la Konyo Konyo amekuja mara mbili," akasema, akikoroga tangawizi. "Alipima ukuta wenu kwa hatua. Akagonga. Akaambiwa mzee hayupo."

"Nani alimwambia?"

"Mzee mwenyewe. Kupitia dirishani."

Nilicheka hadi nikamwaga chai, kisha kicheko kikanikauka. Hadithi yote ilitoka kwa kikombe cha tatu. Mzee alikuwa ameanza kujenga vyumba vya kupangisha nyuma ya kiwanja. Saruji na mabati alichukua kwa mkopo dukani kwa mama huyo wa saruji, ambaye ni Mganda, akamwachia karatasi za kiwanja kama dhamana. Vyumba vikafika usawa wa madirisha, vikasimama hapo, na sasa mbuzi wa jirani ndio wapangaji. Hawalipi.

Kiwanja kikichukuliwa, mimi nitasimama wapi? Hapa kwetu watu wana sheria yao ambayo haijaandikwa popote: kinachobebeka ni cha mpangaji, kilichoshikwa na saruji ni cha kiwanja. Mizani yangu inabebeka. Madebe yanabebeka. Lakini mashine na injini yake vimefungwa kwa bolti nne ndefu zilizozama kwenye msingi wa zege, kwa sababu mashine isiyofungwa hutembea ikisaga, na sikutaka kuikuta barabarani. Anayedai akitia kufuli getini, mimi ningebaki nje na wateja wangu, na riziki yangu yote ndani.

Na kulikuwa na jambo baya zaidi, ambalo nilikuwa nimelisababisha mwenyewe. Siku nilipoleta mashine, mzee aliniletea saruji ya huo msingi. "Zawadi," alisema. Mimi huhesabu kila kitu mara mbili, na mifuko ile niliihesabu: sita, na tena sita. Sikuuliza imetoka wapi. Cha bure huwa sikiulizi maswali, naogopa kisije kikabadilisha nia.

Kesho yake nikapanda boda boda, nikavuka daraja hadi Konyo Konyo. Mama wa saruji nilimkuta ameketi juu ya mifuko yake kama malkia, miwani imening'inia kifuani.

"Nyabo, mama, karibu. Unataka ngapi?"

"Sitaki saruji. Mimi ni yule wa mashine ya kusaga, kwa mzee wa kofia, Gumbo."

Akavaa miwani. "Ah! Hiyo mashine iko juu ya saruji yangu. Mifuko nane."

"Sita."

"Nane! Mimi iko na kitabu."

"Kifungue, mama. Mimi ninayo mifuko mitupu nyumbani, naweka mkaa. Ni sita."

Alifungua daftari, akalamba kidole, akapekua, akasoma kimya. Midomo ikacheza.

"Sita," akasema hatimaye. "Mbili ilienda kwa choo yake."

"Basi choo ukachukue, mimi siwezi kukuzuia."

Akacheka, mwili mzima, mifuko ikatoa vumbi. Watu wawili wakishacheka pamoja, bei huanza kusogea. Akanieleza anadai dola elfu moja mia moja na arubaini. Nikamuuliza kiwanja atakifanyia nini.

"Nitauza."

"Kwa nani? Chenye vyumba visivyo na paa, na mzee ambaye hatatoka, na kesi ya mwaka mzima?"

"Banange, jamani, usinitishe."

"Sikutishi. Nakuuliza, ungependa mbuzi au dola mia na hamsini kila mwezi?"

Nikamweleza. Kwanza, mifuko yangu sita nitailipa mimi, leo, kwa risiti, ili msingi wa mashine uwe wangu hadi punje ya mwisho ya mchanga. Bei ilikuwa kumi na tano kwa mfuko. Nikasema kumi na tatu. Akasema kumi na tano. Nikasema kumi na nne, akaniuliza kama nimefuata risiti au nimefuata ushindi. Nilikuwa nimefuata vyote viwili, lakini nikalipa tisini. Pili, kodi yangu ya kila mwezi ningemletea yeye hadi deni la mzee liishe: ilibaki elfu moja na hamsini, ambayo ni miezi saba ya kodi yangu. Nilihesabu kwa vidole, yeye akahesabu kwa simu, tukakutana palepale.

"Lakini mzee lazima akubali," akasema. "Mimi hapana taka mtu anasema nimeiba kodi yake."

Huyo ndiye aliyekuwa kazi.

Nilimkuta akipaka rangi geti ambalo hakuwa na hakika kama bado ni lake. Nikamwambia najua.

"Nani nasema?"

"Wewe mwenyewe, dirishani. Mtaa mzima ulisikia kwamba hupo."

Alijaribu kukasirika, kofia ikamtetemeka, akaishia kucheka, akanifuata mashineni na kuketi kwenye gunia langu. Nikamuuliza zile elfu na mia mbili za mwaka mzima alitaka kuzipeleka wapi. Akasema nusu kwa mama wa saruji, nusu kwa bwana mmoja anayeuza matangi ya maji.

"Kuna mwingine?"

"Kidogo tu."

"Kwa hiyo wote wawili wangebaki wanakudai, na mimi ningekuwa nimelipia mwaka ambao huenda nisiumalize."

Nikamweleza tulivyopatana na mama wa saruji, na kwamba tuyaandike kwa sultani; akaivuta kofia usoni. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mama, mimi naogopa watu wa kanisa. Kama tunaandika kwa sultani, watu wote najua mimi nakula deni."

Sultani ni chifu wetu wa mtaa, na uani kwake huwa kuna watu wengi kuliko sokoni. Nilimwambia tu kwamba watu wa kanisa hununua chai pale ng'ambo ya barabara kama mimi, na kwamba wakimwona analipa itakuwa habari mpya kwao. Alitafakari hilo hadi nikasaga madebe mawili.

"Tamam," akasema. "Lakini kodi ni mia na hamsini. Si mia."

Ndiyo niliyoihesabu Konyo Konyo, lakini bado niliumia. Mia sita zangu zikapita mbele ya macho, zikapunga mkono. Lakini moyo wangu ukatulia vilevile: mzee alikuwa amerudi kwenye kubishana.

Uani kwa sultani tulikuwa watu watatu na watazamaji thelathini hivi. Karatasi niliiandika mimi, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na karani akaisoma kwa Kiarabu cha Juba ili asije mtu akasema hakusikia. Kwamba kodi ya miezi saba naitia mikononi mwa mama wa saruji, mzee akitia saini kila risiti, na kwamba hiyo ni kodi iliyolipwa, hakuna wa kunidai mara ya pili. Kwamba mashine, injini, mizani, chekecheke, mahindi yote, bolti nne na msingi ulio chini yake ni mali yangu, na risiti ya mifuko sita imeambatishwa. Kwamba kiwanja kikienda kwa mtu mwingine yeyote, anayedai au anayenunua, nina miezi mitatu ya kukaa na kufungua bolti zangu kwa amani, na hakuna atakayetia kufuli nikiwa nje. Na kwamba mzee hatachukua kodi ya mbele kutoka kwangu wala kwa mtu mwingine kwa chumba hicho hicho.

Sultani akauliza kama kuna wa kuongeza neno. Mzee akasimama.

"Andika hiyo saruji ilikuwa zawadi."

"Mzee, nimeshailipa."

"Andika! Mimi nilitoa kwa moyo safi."

Mama wa saruji akafunika uso kwa leso asionekane anacheka. Tukaandika. Iko hadi leo, kifungu cha mwisho: *saruji ilitolewa kwa moyo safi, kisha ikalipwa.* Nakala tatu, vidole gumba vitatu, muhuri mmoja, na kreti moja ya soda ambayo sultani alisema si ada.

Mwezi wa nne wa kulipa hivyo, yule bwana wa matangi akafika. Alikuja na pikapu, wabebaji wanne, minyororo na spana kubwa, tena saa nne asubuhi, foleni ya akina mama ikiwa imefika getini. Mzee alikuwa msibani.

"Zima mashine," akaniambia. "Hii ni mali ya kiwanja, na mwenye kiwanja ananidai… ninamdai mimi."

"Amua kwanza nani anamdai nani," mama mmoja wa foleni akamwambia, na wenzake wakapiga vigelegele.

Wabebaji walikuwa wameshaingia na mmoja ameshaipima bolti kwa spana. Nikatoa nakala yangu kwenye mfuko wa plastiki ninaoufunga kiunoni, nikamkabidhi bila kuzima mashine. Alisoma. Akageuza nyuma kutafuta kama kuna maneno mengine. Akasoma tena kuanzia juu, kidole kikitembea, hadi kikafika kwenye muhuri na kusimama.

"Hadi bolti umeandika?"

"Nne. Hesabu."

Akazihesabu kweli. Nilianza kumpenda kidogo.

"Na mimi je? Mimi nipate wapi?"

"Ni kiasi gani?"

"Mia tatu."

"Mama wa saruji amebakiza miezi mitatu. Baada yake, mzee akikubali, kodi yangu ya miezi miwili inakuja kwako, kwa sultani, kwa karatasi kama hii. Ukichukua mashine, mimi silipi kodi, na wewe utabaki na chuma usichojua kukiwasha."

Akaangalia minyororo yake, akaangalia foleni, akaangalia mashine iliyokuwa ikitema unga mweupe bila kumjali. Kisha akauliza ni siku gani sultani huwa uani.

"Jumanne. Na kreti ya soda ni juu yako."

Akaondoka na pikapu, akiwa na haraka hata akawasahau wabebaji. Walibaki wamesimama getini na spana yao, vijana wazima wenye mabega ya maana. Wakati huo lori lingine la mahindi yangu kutoka Nimule lilikuwa limefika na kurudi nyuma hadi mlangoni.

"Yule bwana aliwalipa?" nikawauliza.

"Alilipa nusu siku, mama."

Nikaangalia jua. "Nusu siku bado haijaisha."

Wakatazamana. Mmoja akasema hiyo si kazi waliyoitiwa. Nikasema waliitiwa kubeba, na hapa kuna cha kubeba. Tukabishana hadi tukafika chai vikombe vinne na mandazi manane, mawili kila mtu. Wakavua mashati, wakapanda lori, na gunia la kwanza likashuka.