Kadi ya Unguja Kwenye Mto wa Guangzhou

Mume wangu anaipenda ile kadi kuliko kitambulisho cha taifa. Ni kadi ya plastiki yenye picha yake amekunja uso kama anadaiwa, na inasema amefunzwa na anaruhusiwa kuendesha boti ndogo. Aliipata Unguja, kwa mafunzo na mtihani, na tangu hapo haijatoka kwenye pochi. Tulipoihamishia boti yetu ya watalii upande wa Bara, nilimwuliza: kadi ya Unguja huku itafaa? Akanicheka. Siku ya kwanza tu askari wa doria wakatusimamisha. Akazima mashine, maana kwetu ukiitwa na wakubwa baharini unazima, ndiyo adabu, na ndivyo mnavyosikilizana. Akatoa salamu, akaipeleka kadi kwa mikono miwili. Wakaitazama, wakauliza habari za nyumbani, wakatuambia nendeni. Basi, kwake yeye ikawa imepitishwa. Kadi inavuka maji.

Guangzhou tunakuja kununua mashine za boti. Tunalala mtaa wa Xiaobei, tunakula mtaa wa pili, Dengfeng, na mimi ndiye mdomo wa safari, kwa kuwa Kichina cha sokoni nimekiokota: bei gani, punguza, laoban, yaani bosi, na bu xing, haiwezekani. Kwa Kichina hicho naweza kununua ghala zima. Kuomba msaada siwezi.

Safari hii tulikwenda nje ya mji, kwa laoban mmoja mwenye yadi kando ya mto. Mashine tuliyoitaka ilikuwa imefungwa kwenye boti ya majaribio, na dereva wake, mwenye leseni ya pale, alikuwa ameondoka kwenda kula. Mume wangu hakutaka kungoja. Akamwonyesha laoban kadi.

"Bu xing," laoban akasema.

"Mwambie hii ni kadi ya serikali."

Nikamwambia kwa maneno yangu ya sokoni na mikono. Laoban akaigeuza kadi huku na huku, akamtazama mteja wake, akaitazama mashine ambayo bado hajaiuza. Mwishowe akaonyesha kwa kidole: hapa hapa ukingoni, msiende mbali.

"Panda," mume wangu akaniambia.

"Mimi? Nikakutafsirie kwa samaki?"

"Boti tupu inadanganya. Nataka uzito."

"Ahsante kwa sifa," nikasema, nikapanda.

Niseme wazi: mimi maji nayaogopa, na kuogelea sijui. Nimezaliwa Kariakoo, maji niliyoyazoea ni ya ndoo. Miaka yote nikipanda boti najituliza kwa jambo moja, kwamba nikianguka, huyu nahodha wangu atanivuta. Majaketi ya kujiokolea yalikuwepo chini, mapya, bado yamo kwenye nailoni zake. Nikalinyooshea mkono moja. Mume wangu akasema acha, mali ya watu, ukishalifungua halirudi kuwa jipya. Na mimi mfanyabiashara, nikamwelewa.

Mwanzoni alikaa ukingoni kama alivyoambiwa. Kisha akasema mashine haijulikani mpaka ikohoe kidogo, akaongeza moto, tukaingia katikati ya mto.

Jamani, mto ule si wa kuchezea. Kwa nje unaonekana umelala, lakini maji yake yanakwenda, yana haraka zao. Matishari ya mchanga yanapita, yamebeba mpaka yanakaribia kuzama, na kila moja likipita boti yetu inarushwa, nami nashika kiti kwa mikono miwili. "Rudi," nikamwambia. "Narudi," akajibu, na hakurudi.

Hapo ndipo kipaza sauti kikalia nyuma yetu. Boti ya doria, taa zinawaka, askari mmoja kasimama mbele anapunga mkono. Nikasema yamekwisha, leo pasi zetu zinachukuliwa, kesho tunarudishwa kwetu. Mume wangu wala hakutetereka. Akafanya alichofanya siku zote. Akazima mashine, akatoa pochi.

Kimya kikaingia, na mto ukatuchukua.

Sikuelewa mara moja. Niliona tu kwamba askari wameacha kupunga, sasa wanapiga kelele, wote, na mikono yao inaonyesha nyuma ya mgongo wangu. Nikageuka. Tishari lilikuwa limetia nanga pale, kubwa, lina kutu, na maji yote ya mto yalikuwa yanaingia chini ya pua yake kwa mngurumo. Kila kilichokuwa kinaelea kilikuwa kinakwenda huko. Niliona gogo likifika, likasimama kidogo, likamezwa. Halikutokea upande wa pili.

"Washa! Baba watoto, washa!"

Akapiga stata. Mashine ikanyamaza. Akapiga tena. Gia alikuwa hajaitoa, na mashine zile gia ikiwa ndani haziwaki. Nahodha wa kadi akasahau jambo ambalo huwafokea wenzake kila siku. Hofu bwana, haina heshima kwa cheti cha mtu.

Nikatoa shahada. Niliwaona wanangu, mmoja mmoja, wanarudi kutoka shule. Nikamshika mume wangu shati nikamwambia, "Usiniachie. Nakuomba, usiniachie." Akasema, "Sikuachii." Pua ya tishari ilikuwa imeshatufunika kivuli.

Kamba iliyorushwa na askari ikatua kifuani kwangu. Nilikuwa sijui kufunga fundo lolote la boti, nikaizungusha kwenye kiti na kuikalia kwa uzito ule ule uliotafutwa. Ikavuta. Boti ikapiga ubavu kwenye tishari, ukatoa sauti mbaya, halafu taratibu tukaanza kurudi nyuma, mbali na ule mdomo.

Kituoni kwao walitupa maji ya moto ya kunywa. Askari mmoja, mtu mzima, akaitazama kadi mbele na nyuma, akairudisha mezani. Akaisemesha simu yake, nayo ikatoa Kiswahili cha ajabu kama cha mtu aliyekisoma gizani: kadi hii hapa haina kazi, kila nchi ina maji yake. Kisha akauliza kwa nini tulizima mashine.

"Kwa heshima," mume wangu akasema. "Ulituita."

Simu ikamfasiria. Askari akapangusa uso kwa kiganja. Laoban akaitwa, akafokewa mpaka nikamwonea huruma. Sisi tukaonywa, tukarudishiwa pasi, na mpaka naishika mkononi sikuamini.

Kwenye teksi ya kurudi Xiaobei nilikuwa bado nasikia ule mngurumo. Mume wangu ameinamisha kichwa. Nikamwonea imani, nikataka nimpe neno zuri.

"Alhamdulillahi," nikasema. "Lakini hata tungeanguka, ungenivuta."

Akaipapasa pochi mfukoni.

"Si ungenivuta?"

"Ningekushika," akasema.

"Kisha?"

Akageukia dirishani. Yeye kwao Tabora, kusiko na bahari, alikuja mjini akiwa fundi wa mashine, boti alizijulia kwenye injini. Yote hayo niliyajua, na sikuwahi kuyaweka pamoja.

"Sijui kuogelea, mke wangu. Kwenye mtihani waliuliza, nikaandika najua."

Miaka yote hiyo. Watalii wote wale, wanangu mwenyewe ndani ya boti ile siku za Idi. Nilitaka kumpiga. Nikaushika mkono wake, ulikuwa wa baridi, nikaukumbatia kifuani kwa nguvu mpaka dereva akatuangalia kwenye kioo.