Mjomba Firoz kaupiga, kisha kasimama

Ubingwa umetuponyoka leo hapa Barking, London, na mpango wote ulikuwa wangu.

Timu yetu ya besiboli ya wakongwe haina uwezo wa kuvuta nyota. Basi nikaijaza wajomba zangu, Wahindi wa Mombasa waliokuja London utotoni na kriketi yao. Macho wanayo, mikono wanayo. Na fainali wametufikisha!

Pigo la mwisho, Mjomba Firoz kaupiga mpira vizuri ajabu.

Halafu kasimama.

“Mjomba, kimbia!”

“Tulia wewe. Nikikimbia watanitoa.”

Kwenye kriketi, sawa, una hiari ya kubaki. Besiboli ukiupiga hivyo, lazima ukimbie. Wakamtoa amesimama vilevile.

Jamani, niambieni nianzie wapi kuwafundisha, maana nilipogeukia benchi kutafuta wa kulia naye, wajomba wote walikuwa wanampigia makofi.