Kwa Nini Karate Yetu Inageukia Kushoto

Watu mia mbili walikuwa kimya ukumbini kwetu mjini Naha, wamekunja sura za kuua mtu, halafu bibi yangu akaangua kicheko.

Sio kile cha adabu. Kile cha kushika mbavu.

Walikuwa wametoka nchi kumi na moja kuadhimisha karate ya ukoo wetu, na walikuwa wamefika pale pagumu kwenye kata kuu, yaani ule mfuatano wa mapigo ambao kila mwanafunzi lazima auweze. Kabla ya teke la mwisho unasimama, unageuza shingo kushoto, unakodoa macho, kisha unarusha.

Kitabu cha Baba mkubwa Seiyu, mkuu wa mtindo wetu, kinasema pale unamtazama adui mwenye upanga. Kurasa nne nzima. Adui, upanga, roho ya shujaa, sijui na upepo.

Baba mkubwa akatufuata tulipokaa.

"Kazuto, mpeleke mama jikoni. Umri umeshamchezea."

"Anacheka tu, Ba'mkubwa. Kwani nyie mnajionaje?"

"Jikoni."

Huyo wa kupelekwa jikoni ni Bibi Kamado, miaka tisini na mbili, binti wa mwanzilishi. Ukutani kulikuwa na ubao mpya wa ukoo wa karate. Juu jina la mwanzilishi. Chini yake Babu Seitoku, mkwe wake. Chini yake Baba mkubwa. Bibi hayupo, utadhani hakuzaliwa.

Wiki nzima nilimganda Baba mkubwa amwandike, maana nakala za ubao zilikuwa zinakwenda nchi zote.

"Kwetu hata vibao vya kutambikia wahenga hurithi mwanamume," alinijibu. "Itakuwa karate?"

"Mwanzilishi alikufa vitani. Babu alirudi kutoka kambi ya mateka hajui hata kukunja ngumi. Alifundishwa na nani, mzimu?"

"Alikuta daftari."

"Liko wapi?"

"Liliungua."

Basi nikampeleka Bibi hadi mlango wa jikoni, tukasimama hapo hapo. Ikafika zamu ya Wabrazili. Kiongozi wao, mzee Arakaki wa São Paulo, baba yake alifundishwa na mwanzilishi mwenyewe kabla ya kupanda meli kwenda kuchuma kahawa. Mzee akaenda vizuri mpaka pale pagumu. Hakugeuka. Teke moja kwa moja.

Baba mkubwa akanyanyua mkono. "Mzee wangu, umeruka sehemu. Cheti cha kutambuliwa sikupi mpaka urekebishe."

"Baba hakutufundisha kugeuka."

"Basi baba yako alisahau."

Mzee wa watu akainamisha kichwa. Damu ikanichemka. Nilitaka kupayuka, lakini Bibi alishanipita, nikamdaka mkono.

"Niachie mkono, mjukuu wangu. Mimi sio yai."

Akaenda mpaka katikati.

"Seiyu, hakusahau mtu. Baba yangu hakuwa na hiyo shingo. Hiyo ni shingo ya mume wangu."

"Mama, tafadhali. Wageni."

"Seitoku nilimfundisha mimi, uani kwetu. Kila akifika pale anasahau apige na mguu upi. Nami nimekaa barazani, kushoto kwake, nashona. Ananitazama. Nikitikisa kichwa kukubali, anapiga. Nikikunja uso, anaanza upya. Miaka thelathini hakuikariri hiyo kata. Wanafunzi wake wakadhani ni sehemu ya mafunzo."

Watu mia mbili wamevuka bahari kujifunza jinsi mume anavyomwomba mkewe jibu.

Nikamtazama Baba mkubwa nione atakavyoshtuka.

Hakushtuka.

"Ulikuwa unajua," nikamwambia.

Akatazama mkeka. "Nilikuwa nakaa miguuni pa mama, pale barazani."

Toka utotoni anajua. Zile kurasa nne za upanga kaziandika anajua. Nilitamani kumpa lile teke, tena bila kugeuka popote.

Bibi hakupandisha sauti. "Niandike, mwanangu."

"Ubao umeshachapishwa, mama."

Mzee Arakaki akachukua cheti kitupu mezani, akapiga magoti mbele ya Bibi, akamnyooshea kalamu.

"Mama, nitambue wewe."

Bibi akaandika jina lake polepole, herufi kubwa. Nyuma ya Arakaki wakajipanga wengine, kama thelathini. Waliobaki walienda kupiga picha na Baba mkubwa. Ndivyo watu walivyo.

Ubao upo vile vile mpaka leo. Kitabu nacho kinauzwa.

Nilichojifunza: anayekufuta sio yule asiyekujua. Ni yule aliyekaa karibu yako, akakuona vizuri, halafu akapiga hesabu kwamba ukimya wake unamfaa.

Sijamwamkia Baba mkubwa tangu siku ile. Na msinishauri.