Siku Ambayo Sikuitikia

Juzi mjukuu wangu, huyu anayeniandikia kwa kuwa mimi sikusoma, alifungua gunia la mpunga lililoletwa kutoka Kasongo. Harufu ya maganda makavu, yenye vumbi na jua ndani yake, ilijaa chumba chetu cha hapa Bukavu, nami nikajikuta msichana wa miaka tisa juu ya dungu la miti, nikilinda shamba la mama yangu dhidi ya ndege. Nimemwagiza asipunguze neno.

Mashamba yetu, upande wa Lusangi, yalikuwa pande mbili za bonde. Ukisimama juu ya dungu, jicho lilikwenda hadi likachoka: mpunga wa manjano, kijito, mpunga tena, kisha msitu. Niliuchukia upana ule. Nilidhani Mungu alipofika pale alikuwa ameishiwa na vitu vya kuweka.

Ng'ambo ya kijito alilinda Mama Sifa, mjane mwenye watoto wawili wadogo na shamba hilo moja tu. Desturi ya walinzi ilikuwa kuitana. Mmoja hupaza sauti, "Eee-oo!", na mwenzake huitikia. Asiyeitikia mara tatu, aliye karibu hushuka kwenda kumtazama, kwa maana kimya kiliweza kuwa nyoka.

Siku moja nilisikia kamio, lori la mizigo, likinguruma barabarani, limekwama matopeni. Nikashuka mbio. Palikuwa na watu, kelele, harufu ya mafuta ya mazutu. Nilijiona nimefika mjini. Kijana mmoja wa kamio aliponiona na kombeo mkononi alinicheka.

"We dada, shamba umeachia nani?"

"Ndege hawajui kama nimetoka," nikajibu, na watu wakaangua kicheko. Nikavimba kichwa.

Ndipo nikaisikia sauti ya Mama Sifa ikiniita kutoka mbali. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nilijua maana yake. Lakini magurudumu yalikuwa yameanza kuzunguka, nami nilitaka kuona kamio likitoka.

Niliporudi, nilimwona chini ya dungu langu, kitenge kimelowa hadi kiunoni, miguu imechanwa na majani, akipekua nyasi kwa fimbo na kutaja jina langu kwa sauti iliyokwisha kukauka. Nikajilaza kando ya njia, nikashika tumbo.

"Mutoto wangu! Uko muzima? Nyoka imekuuma?"

"Hapana, mama. Ni tumbo."

Akanibeba mgongoni, mimi ambaye miguu yangu ilikaribia kugusa chini, akaanza kupanda kuelekea kijijini. Nikageuza kichwa. Shambani kwake ndege walikuwa wakishuka kama moshi, kundi juu ya kundi. Yeye hakutazama nyuma hata mara moja. Alikuwa akinibembeleza nivumilie. Niliona, nikanyamaza, nikalaza shavu kwenye mgongo wake uliolowa jasho.

Kesho yake, na asubuhi nyingi zilizofuata, aliniuliza kutoka ng'ambo, bonde zima likisikia: "Tumbo iko namna gani?" Nami nikapaza sauti: "Imepona, mama!"

Mwaka ule alivuna nusu ya mpunga wake. Mama yangu alinituma nimpelekee kikapu kutoka kwetu. Alikipokea kwa mikono miwili, akanishukuru mimi. Amekwisha kufariki, hakuambiwa ukweli kamwe.

Nilipoolewa nikaja mjini, na kwa miaka mingi kila aliyeniuliza habari za kwetu nilimjibu kwamba kwetu ni pori tupu. Nimechelewa sana kuelewa kwamba katika upana ule hapakuwa na kitu kilichosimama kati ya sauti yangu na sikio la mtu, na kwamba mtoto akinyamaza, alisikika.

Hapa nilipo, mimi na jirani tunatenganishwa na ukuta mmoja wa mbao. Ni mwanamke mzee kama mimi, anaishi peke yake, na redio yake hunikera tangu alfajiri. Mwezi uliopita redio ilinyamaza siku nne. Alikuwa amelala na homa, hawezi kuinuka hata kujitekea maji, mpaka mpita njia akamkuta. Siku zote nne nilikisikia kimya kile, hatua moja kutoka kichwani pangu, nikamshukuru Mungu kwa utulivu.