Wimbo Yenye Haina Mahali ya Jina

Baba yangu alikuwa na kinga nyeusi, baiskeli ya zamani, na alikuwa anaipenda kupita siye batoto. Ilikuwa inabeba ndizi, inabeba mbuzi, mara moja ilibeba pasteur na Biblia yake. Siku moja ya soko, ye anashuka mulima kwetu Kalunguta na ndizi nyuma, akakamata freins, zile breki: hakuna kitu. Akaanza kuita Mungu mu Kinande, kisha mu Kiswahili, kisha mu Kifaransa yenye hakujua. Mihogo ya jirani njo ilimusimamisha. Akainuka mule mu shamba, kofia imepotea, akasema: «Leo mu nyumba yangu mutu atalala nje.»

Mwenye kulala nje alikuwa kaka yangu mukubwa. Tulikuwa tunamuita yaya. Ye njo alitosha, ni kusema alitoa, kamba za freins, akafumua ile chuma uzi kwa uzi, akazivuta juu ya bidon ya mafuta na kipande ya mbao. Gitare! Ile wakati, mwenye alijua gitare kwetu, uliza kinga ya babake. Yaya alilala nje, ni kweli, lakini alilala na gitare.

Niko nakuja ku wimbo, mungoje.

Muchuruzi moja wa Butembo alileta kaseti katikati ya mizigo ya vitenge. Muzungu anaimba pole pole, na sauti ya mutu mwenye bibi amemufungia mulango na mvua inanyesha. Ngoma inapiga kama mutu anagonga kwa heshima. Luga hatukujua. Nilifika darasa ya tatu tu, na kule hawakufundisha ile. Yaya akasema: «Luga ya nini? Huyu mutu anaomba.» Akaweka maneno yake ya Kinande: usiende, kama umekasirika, kasirikia hapa hapa, karibu na moto, nikuone.

Kutoka pale wimbo ilitembea. Bakatolika baliikamata kwa ndoa zao. Siye Baprotestanti tulisema ni ya dunia, kisha kwaya yetu ikatosha mwanamuke, ikaweka Yesu, na nakuambia, ile sauti ya bamama ilimupita muzungu. Bashofere ba pick-up za Mutwanga baliiimba mbio mbio, juu ya milima. Basoda nao, bale askari, wakati balifika, balitia Lingala. Ile maneno siandike, mukwe wangu anasoma.

Lakini yenyewe, ya kwanza, yaya aliitengenezea mwanamuke moja, mwenye alikuwa anamuoa. Kwetu bibi-arusi hapana kucheka siku ya kutoka kwa babake. Anainamisha kichwa, uso ya kilio, kwa sababu akicheka batasema alichoka na nyumba yao zamani. Yaya akaapa huyu atacheka. Akasimama mbele ya bashangazi, akapiga, na pale muzungu anapandisha sauti, ye naye akapandisha yake. Ikavunjika. Bibi-arusi akacheka, meno yote nje.

«Funga kinywa, weye mutoto!» shangazi yake akalalamika. «Unatuletea haya!»

«Shangazi, si unasikia? Ameimba kama mbuzi!»

Na mujue kitu moja. Mu ile wimbo yaya hakuweka jina ya huyu bibi. Kwetu mwanaume hapana kuita bibi yake kwa jina mbele ya batu. Anasema «weye», ao «mama ya fulani». Ilikuwa «weye» tu, mwanzo mpaka mwisho.

Kisha vita. Ya kwanza, ya pili, mimi sijui kuzitenga. Kila mara buti ingine, kofia ingine, na mbuzi zetu ni zile zile zinaenda. Bibi ya yaya akagonjwa na mimba. Tukamubeba mu tipoy, kitanda ya kubeba ku mabega, tunaenda hospitali ya Beni. Ku barrière, kizuizi ya barabara, basoda bakasema tungoje, ruhusa iko kwa kamanda, na kamanda analala. Jua ikapanda. Wakati kamanda aliamuka, bibi alikuwa amekwisha, ye na mutoto wake ndani.

Yaya akatundika gitare ku ukuta.

Sasa, ile ile kamanda akataka sikukuu yake, ku uwanja wa mupira. Akatuma basoda: mutu wa gitare akuye, aimbe ile wimbo ya mapendo, lakini pahali ya mwanamuke aweke jina ya kamanda, batu bajue nani ya kupenda.

Nikamuambia: «Yaya, weka tu. Jina ni upepo.»

«Bibi yangu anakaa mule,» akasema. «Balimutosha mu dunia. Mu wimbo, hapana.»

Siku yenyewe alikuya na shati nyeupe, gitare mu mukono. Akakaa ku kiti, akaanza. Batu hawakungoja: Bakatolika na maneno yao, bamama ba kwaya na Yesu wao, bashofere mbio mbio mbele ya batu yote. Fujo muzuri sana. Pale sauti inapanda, yaya akafunga kinywa, vidole tu. Kamanda akainua mukono, uwanja ikanyamaza.

«Muzee, jina yangu iko wapi?»

«Kamanda, hii wimbo haina mahali ya jina.»

«Basi weka!»

«Hata ya bibi yangu sikuweka. Yako niitie wapi?»

Mama moja nyuma akacheka. Mwingine akafuata. Soda moja, nilimuona, akainama kufunga kamba ya buti yenye ilikuwa imefungwa.

«Weye hauniogope?»

«Nilikungoja uamuke, kamanda, kule ku barrière. Kungoja kwangu iliishia pale.»

Akalalisha gitare ku kiti, kama mutu analalisha mutoto. Akapita katikati ya basoda, mukono mu mufuko. Bamama bakaanza tena wimbo bila gitare. Kamanda akapiga kelele tunyamaze. Hatukunyamaza. Miye naimba, namuangalia yaya anavuka barabara. Nilizania anaenda kunywa maji. Akakamata kanjia ya kupanda, ile yenye inapita mu shamba ya kahawa. Shati nyeupe ikaonekana juu, ikaonekana tena, kisha ni kahawa tu.

Hakurudi.