Mafunjo Yaliyosimama Majini

Mafundi wanachimba shimo la choo nyuma ya nyumba zangu za kupangisha hapa Bugolobi. Chini ya kifusi wamefika kwenye tope jeusi, lenye harufu ya mizizi ya mafunjo. Nilisimama pale ukingoni, nikawa tena mtoto, maji yakinifika magotini, dada yangu yuko mbele na panga la kukatia mafunjo ya mikeka.

"We, acha hilo!" alinikemea nilipotaka kung'oa bua moja. "Huwaoni wenye nyumba?"

Kwenye bua hilo walikuwa wametua wadudu wawili wa buluu, wembamba kama sindano.

"Si kereng'ende tu?"

"Kereng'ende wakubwa hutua wametandaza mbawa, jinga wee. Hawa huzikunja mgongoni. Tulia utazame."

Dume alikuwa amemshika jike shingoni. Jike akashuka kinyumenyume hadi mkia ukazama. Dada akaninong'oneza kwamba anatoboa bua na kutaga ndani yake, na watoto watakulia majini, wakila viluwiluwi vya mbu. Ndiyo maana yeye alikata mafunjo ya ukingoni tu.

"Ukikata haya yaliyosimama majini," alisema akicheka, "tutabaki na mbu."

Kifusi cha kufukia kinamasi kile nilikileta mimi, lori baada ya lori, dada alipokwisha kufa. Mvua ikinyesha, kereng'ende huja kwenye madimbwi ya uani. Kila anapotua mmoja, mimi hutazama mbawa kwanza. Huwa amezitandaza.

Jua likianza kushuka, wapangaji wangu hufunga madirisha, kwa sababu ya mbu.